Nusu Anaacha Kazi

9 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku wote tunapumua. Mke wangu yuko maktabani kama kawaida yake, analipwa mshahara kuwanyamazisha watu. Mwanao kinyozi nilimwona Jumamosi. Amenunua gari kubwa kuliko saluni yake, ameliegesha mbele ya mlango, na sasa wateja wanaingia kwa ubavu. Pacha wake wameanza kutambaa, kila mmoja upande wake, na mama yao amebaki katikati kama refa.

Sasa jambo lenyewe. Kaa kwanza, na kama una sindano mdomoni, itoe.

NAACHA KAZI. Tarehe mosi Machi! Sifukuzwi, sihamishwi, siumwi. Nina miaka arobaini na tano, na ishirini na mbili kati ya hiyo nimezunguka nasoma mita za maji za watu. Najua nani ana wageni, nani ameanza kufua kwa hasira, nani ameacha kuoga. Yatosha. Niwaachie wengine siri hizo.

Unajua jinsi nilivyoishi. Kazini hawaniiti Nusu kwa sababu ya kimo. Nusu ya mshahara tulikula, nusu tuliweka, miaka kumi na saba bila kuruka mwezi. Baiskeli badala ya gari, chakula cha mchana kutoka nyumbani, viatu hivi nilivyovaa vimebadilishwa soli mara nne, na fundi viatu ananiamkia kama baba yake. Sasa hesabu imetimia. Ukiweka akiba inayofika matumizi yako ya mwaka mara ishirini na tano, na ukaipeleka mahali ikafanye kazi, wewe unaweza kuacha. Tulifika Desemba. Nimeipiga hesabu mara saba. Mke wangu aliipiga mara moja, akasema, "Haya, tumefika," akarudi kwenye kitabu chake. Yeye haachi, anaipenda kazi yake. Mimi ndiye ninayetoka.

Shangazi, nina furaha mpaka naona haya. Juzi nilijikuta napiga mluzi ndani ya shimo la mita.

Na wewe je? Sitini na tatu, bado umeinamia cherehani. Mkasi utauweka chini lini?

Samahani kwa karatasi. Upande wa pili ni fomu za kuandikia mita zilizoharibika. Ofisini wanazitupa, mimi siwezi kuangalia karatasi yenye upande mzima ikitupwa.

Mwanao,
Nusu

(Shangazi, shikamoo. Ni kweli tumefika. Amepiga mluzi na nyumbani pia. Mke wake.)


27 Januari

Mwanangu Nusu,

Marahaba, wewe na mkeo. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo hutabiri mvua na kila mara hukosea. Jirani yangu muuza vioo ameanguka akavunjika mkono. Vioo vyote vizima. Mwambie mwanangu kinyozi kwamba gari si kofia, halivaliwi ili watu waone.

Barua yako nimeisoma pande zote mbili. Upande wa mita nao una utamu wake. Hao wa nyumba namba tisa wanafuga bata au vipi?

Habari yako nilimsomea mteja aliyekuwa amesimama nampima suti. Akageuka ghafla, pini ikamchoma. "Arobaini na tano? Ana ugonjwa gani?" Nikamwambia, "Wa kuhesabu." Akasema, "Masikini," na nadhani alimaanisha wewe.

Umegundua kwamba mtu akila chini ya anachopata, kitu hubaki. Hongera sana. Sisi hatukuupa utaratibu huo jina. Kola ya shati ikichakaa tuliigeuza, upande wa pili nao ukichakaa tukaifanya kitambaa cha kufutia mashine, tukaendelea na maisha. Nyinyi mmesoma vitabu, mkaukuta ule ule, mkauita mtindo.

Lakini hiyo hesabu ya mara ishirini na tano imenikaa kichwani. Niandikie vizuri, hatua kwa hatua, kama unayemwelekeza mtu mgumu wa kuelewa. Si kwa ajili yangu. Kuna mteja anauliza.

Na nikuulize moja tu. Asubuhi ya tarehe mbili Machi, saa mbili kamili, utakuwa unafanya nini? Mipango ya mwaka mzima kaa nayo. Nataka ya asubuhi hiyo moja.

Shangazi yako,
ambaye mkasi bado uko mkononi


6 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pacha wametoboa tundu kwenye kochi, mmoja akaingia, mwingine akalia kwa wivu. Gari la kinyozi limewaka taa nyekundu ambayo hata fundi hajawahi kuiona. Mke wangu hajambo.

Basi mambo ni hivi. Asubuhi niliamka nikasikia ndege! Miaka yote wale ndege walikuwepo na mimi nilikuwa tayari barabarani. Nikanywa chai polepole, nikakaa mlangoni, nikawatazama watu wanavyokimbilia kazini huku wanavaa saa njiani. Nikacheka peke yangu. Nina mpango wa kujifunza gitaa. Nina mpango wa kutembea kufuata mto mpaka nijue unakoanzia. Nina mpango wa kulala mchana bila kuwa mgonjwa. Nimejaza ukurasa mzima wa mipango.

Hesabu ya mteja wako ni hii. Aandike kila anachotumia kwa mwezi, kila kitu, hata kiberiti. Azidishe mara kumi na mbili. Azidishe tena mara ishirini na tano. Kisha aangalie akiba yake yote na asijidanganye. Kama akiba ni kubwa kuliko jibu, mpe hongera zangu. Kama ni ndogo, asife moyo, aendelee.

Mkasi je? Hukunijibu.

Mwanao, mtu huru,
Nusu


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na shughuli. Goti limetulia. Muuza vioo amefunguliwa plasta, siku hiyo hiyo akavunja kioo.

Hesabu nimeipata na mteja ameielewa. Aliifanya kwa chaki juu ya meza ya kukatia, akaitazama, akaifuta, akaifanya tena. Jibu lake ni habari ndefu. Nitakueleza siku nyingine.

Nikupe kituko. Wiki iliyopita Jumanne asubuhi nilikuwa mahakamani. Usishtuke, sina kesi. Je, ulijua mtu yeyote anaruhusiwa kuingia akakaa akasikiliza? Bure! Benchi lipo, feni ipo. Mwanamume mmoja alikuwa anadai jogoo wa jirani anamwamsha kwa makusudi. Hakimu akauliza, "Kwa makusudi ya nani, jogoo au jirani?" Mshtakiwa akasema, "Mheshimiwa, mimi nilimwonya jogoo." Nilicheka mpaka karani akanitazama. Alhamisi nilirudi kusikia hukumu. Jogoo ameshinda.

Sasa nieleze jambo moja ambalo barua yako imeliruka. Mkuu wako wa kitengo alisema nini ulipompa barua ya kuacha kazi? Muhtasari sitaki. Nataka maneno yenyewe, na uso wake ulivyokuwa.

Shangazi yako


21 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba radhi, mwezi umepita kama maji ya bomba lililopasuka. Kinyozi ameliuza gari. Amenunua jingine, dogo, na wateja wameanza kuingia kifua mbele. Pacha wana meno sita jumla, manne ya mmoja.

Maisha ya uhuru ni matamu kupita nilivyofikiri. Naamka saa nne. Gitaa linaendelea vizuri. Kando ya mto nimefika mbali sana, kuna majani, kuna maji, mandhari ni nzuri. Watu wananiuliza siri yangu ni nini, nawaambia: kueni na subira, hesabuni, msishindane na majirani. Vijana wawili wa ofisini wameanza kuweka nusu kama mimi, wananiita mwalimu. Mmoja amekwenda mbali zaidi, ameacha sukari.

Jogoo wako nimemsimulia kila mtu. Nafurahi unapata nafasi ya kupita mahakamani, ila sijaelewa duka unamwachia nani Jumanne asubuhi. Au umeajiri mtu? Kama umeajiri, safi sana, huo ni mwanzo wa kupumzika. Na wewe karibu utaonja ninachokionja!

Mwanao,
Nusu


11 Juni

Mwanangu Nusu,

Marahaba. Goti lizima, muuza vioo mzima, salamu zimeisha. Leo naandika barua ndefu kwa sababu nina nafasi, na sababu ya kuwa na nafasi utaisikia.

Barua yako ya Mei, kama kawaida, nimeisoma pande zote mbili. Upande wa mbele unaamka saa nne na unapiga gitaa. Upande wa nyuma unasema hivi: "Nyumba namba kumi na nne, mita imefunikwa na mchanga, mwenye nyumba hayupo, nitarudi kesho." Imekatwa kwa mstari mwekundu kwa sababu uliandika kwenye safu isiyo yake. Tarehe kumi na tisa Mei. Mwandiko naujua, ni mimi niliyekushika mkono ukajifunza kuandika. Geuza karatasi ujionee. Aa, samahani, huwezi, ninayo mimi.

Kwa hiyo tarehe kumi na tisa Mei ulikuwa unachimbua mita kwenye mchanga, na tarehe ishirini na moja unaniandikia habari za gitaa. Mtu mwingine angeniandikia uongo kwenye karatasi safi. Wewe huwezi kununua karatasi safi hata ya kudanganyia.

Nilishaanza kushuku Machi. Mkeo huongeza mstari wake chini ya barua zako. Tangu ulipojitangaza mtu huru hajaongeza hata nukta. Huyo ni mwanamke mkweli, hakutaka kutia sahihi. Halafu nilikuuliza maneno ya mkuu wa kitengo, ukanijibu habari za meno ya pacha. Na mto ulioutembelea una majani na maji. Nusu, hiyo mito yote inayo. Ungeufuata kweli ungeniambia kuna kiatu kimoja kimekwama kwenye mti.

Sikukasirika. Nilicheka kwanza. Halafu nikaacha kucheka, na sasa nitasema jambo ambalo mimi na wewe hatujawahi kulisema.

Baba yako, kaka yangu, hakuacha kazi. Kiwanda kilifungwa Ijumaa, Jumatatu akawa hana pa kwenda. Alikaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango miaka mitatu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, ukirudi shuleni unamkuta pale. Nadhani ulianza kuweka akiba siku hiyo, kabla hujapata hata mshahara wa kuigawa. Unaweka ili usikae kwenye kile kiti. Sasa umeambiwa unaweza kuacha kazi, na unachokiona mbele yako ni kiti kile kile. Kwa hiyo unasubiri kidogo. Utaongeza mwaka mmoja, halafu mwingine, akiba itafika mara thelathini, mara arobaini, na bado utakuwa na tochi shimoni. Kama nimekosea, niambie.

Sasa ya kwangu, maana na mimi sikuwa mkweli. Yule mteja aliyefanya hesabu kwa chaki ni mimi. Niliandika kila kitu, hata kiberiti. Nilizidisha. Nikatoa vitabu vyangu viwili vya benki na kile cha chama cha mafundi, nikajumlisha. Nilidhani nimekosea sufuri. Nikafuta, nikarudia. Mwanangu, nilikuwa nimeshafika! Na sikufika mwaka huu. Kwa hesabu yako nilifika miaka tisa iliyopita, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu sikujua kwamba kuna mahali pa kufika. Miaka tisa nimeshona suti za watu ambao wenyewe hawajafika.

Duka nilifunga tarehe ishirini Machi. Mashine nimewauzia wanafunzi wangu wawili kwa bei ambayo muuza vioo anaiita wizi dhidi yangu mwenyewe. Siku ya kwanza nilikaa nyumbani mpaka saa tatu nikaona kuta zinanisogelea. Nikatoka. Ndiyo nikaingia mahakamani. Sasa niko pale siku nne kwa wiki, nina nafasi yangu kwenye benchi, na wakili mmoja alinifuata juzi akanong'ona, "Mama, unaionaje kesi yangu?" Nikamwambia anaongea mno. Jumatano najifunza kuogelea. Ndiyo, mimi, na goti hili. Mwalimu wangu ana miaka ishirini na mbili na ananiambia "piga teke, bibi, piga teke" mbele ya watu, na napiga! Nusu, sijawahi kufurahi hivi tangu nilipokuwa msichana. Nilitaka kukuambia tangu Machi, lakini wewe ulikuwa unajisifu uhuru wako kwa raha, nikasema nisimwibie kijana sherehe yake.

Ndani ya bahasha hii kuna tikiti ya treni. Ni yako. Mimi ninayo nyingine, ya behewa hilo hilo. Miaka kumi na tisa nimewashonea makondakta wa treni makoti, na sijawahi kwenda zaidi ya kituo cha tatu. Treni inaondoka huku tarehe nne Agosti, inapita kwenu jioni, unapandia hapo. Tunakwenda mpaka reli inapoishia, tunakaa wiki tatu, tunarudi. Likizo huna, najua uliimaliza Desemba ukipiga hesabu. Mkeo nimemwandikia maktabani kwake. Amejibu neno moja: "Mchukue."

Tikiti nilizinunua kwa bei ya punguzo. Zisome vizuri kwa nyuma. Hazibadilishwi, hazihamishiwi mtu mwingine, na pesa hairudishwi. Usipopanda, ni hasara tupu, na nimelipa mimi, fundi cherehani mstaafu.

Lala nayo hiyo.

Shangazi yako


3 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sina la kujitetea, na karatasi hii nimeinunua dukani. Pande zote mbili nyeupe. Muuzaji alidhani nimeoa mara ya pili.

Barua yako nilikaa nayo siku tano bila kuijibu. Hukukosea. Tarehe mosi Machi nilikwenda na barua mfukoni mpaka mlango wa mkuu. Nikasikia anaongea na simu, nikasema nisimkatize, nikaenda kusoma mita. Tarehe mbili nikasema leo ni siku mbaya. Halafu ilikuwa wiki ya ripoti. Halafu nilikuwa nimekuandikia wewe kwamba nimeacha, na vijana wananiita mwalimu, nikawa nimejifungia nje ya mlango wangu mwenyewe.

Kile kiti. Sikujua kwamba unajua. Nikirudi shuleni baba alikuwa ananiuliza saa ngapi sasa. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yake, Shangazi, inasomeka. Nilikuwa namjibu kila siku, na sikuwahi kumwambia mtu. Juzi nilimwambia mke wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Baba yako alifungiwa nje. Wewe mlango uko wazi na umesimama tu unapitisha baridi."

Lakini nisijipambe kwa maneno mazuri. Yaliyonisukuma kweli ni yale maandishi ya nyuma ya tikiti. Niliyasoma mara kumi nikitafuta upenyo. Nilikwenda stesheni na baiskeli kumuuliza karani kama kweli hairudishwi hata nusu. Akasema, "Mzee, hata robo." Usiku ule sikuwaza kazi, sikuwaza akiba, niliwaza kiti kitupu kinasafirishwa mpaka mwisho wa reli kimelipiwa nauli kamili. Nilitoka jasho.

Tarehe mosi Julai, saa mbili na dakika tano, nikaingia kwa mkuu wa kitengo. Alikuwa anaongea na simu. Nikamkatiza. Uliomba maneno yenyewe, haya hapa.

Aliisoma barua, akasema: "Unaumwa?"
Nikasema hapana.
"Umepata kazi wapi?"
Nikasema sijapata, sitafuti.
Akavua miwani. "Kuna mtu amekuudhi? Ni yule wa stoo?"
"Hapana, mkuu. Nimemaliza."
"Umemaliza nini?"
Hapo ile hotuba yangu ya mara ishirini na tano, ambayo nimewahubiria watu wote kwa miaka, ilinitoka kichwani kabisa. Nikasema, "Nakwenda kupanda treni na shangazi yangu."

Akaiweka barua mezani. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza wimbo chumba cha pili. Halafu akasema, "Hiyo hesabu yako, unaweza kuniandikia? Si kwa ajili yangu." Nikamwambia najua, ni kwa ajili ya mteja. Hakuelewa kwa nini nilicheka. Akatia sahihi.

Siku yangu ya mwisho ni tarehe thelathini na moja. Gitaa halipo, halijawahi kuwepo. Mto nimeufuata Jumapili, kweli safari hii, na mke wangu. Hakuna kiatu kwenye mti. Kuna godoro zima, limesimama wima katikati ya maji, na kunguru amekaa juu yake kama hakimu wako. Tulikaa tukamtazama saa nzima. Moyo unanidunda hata sasa ninapoandika, kama wa mtoto siku ya kufunga shule. Naogopa, Shangazi, sitasema siogopi. Lakini naogopa huku nafungasha.

Jambo moja tu. Tikiti yangu ni kiti namba kumi na nane, na karani aliniambia namba shufwa ziko dirishani. Nashukuru sana kwa kunifikiria.

Mwanao,
Nusu


12 Julai

Mwanangu,

Marahaba! Barua yako niliisomea ndani ya maji kwenye kina kifupi, mwalimu akiishika pembeni. Imelowa na nimelowa, na sehemu ya mkuu wa kitengo tuliirudia mara mbili, wanawake wote wa darasa la Jumatano wakisikiliza. Ulipoingia mlangoni na kumkatiza simu, mmoja alipiga makofi akazama.

Fungasha kidogo. Lete koti, usiku behewa lina baridi. Chakula nitabeba mimi, usinunue kitu chochote stesheni.

Ama kuhusu kiti namba kumi na nane, jioni utakapopanda utamkuta mtu ameshakikalia, amevaa miwani, na ameegemeza kichwa kwenye kioo. Usijisumbue kuonyesha tikiti. Nilistaafu siku mia moja na thelathini na tatu kabla yako. Wewe kaa upande wa njia.

Shangazi yako